Kuandikiwa Maisha Chake Chake: Tathmini ya Huduma Niliyoilipia Mwenyewe

Katika mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba, lipo duka la kupiga chapa na fotokopi ambalo, mbali na kazi zake za kawaida za kuandika barua za maombi, kulamineti vyeti na kujalidi ripoti za wanafunzi, limeanza kuwaandikia watu wazima vitabu vya maisha yao. Mteja anasimulia, msichana wa duka anarekodi na kuandika, mwenye duka anapitia, na mwisho mteja anakabidhiwa nakala tano zilizojalidiwa. Jina la duka nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nitazitaja kasoro zake pamoja na sifa zake, lakini anayelihitaji akiteremka gari Chake na kuulizia wanaoandika maisha ya wazee ataoneshwa mlango.

Bei ni shilingi 180,000, nusu yake ikilipwa mwanzo. Kwa kulinganisha, Pensheni Jamii ya wazee waliofikia umri wa miaka sabini, ilipoanza hapa Zanzibar mwezi wa Aprili 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Yaani mzee angelazimika kuweka miezi tisa bila ya kununua hata sukari ndipo akaandikiwa kitabu. Mimi nililipa kutokana na mauzo ya mikarafuu yangu michache, na mwaka ule ilizaa vizuri. Usingekuwa mwaka wa mazao, nisingekuwa na kitabu wala tathmini hii.

Nieleze kwanza kilichonipeleka huko. Nilikuwa karani wa mizani katika vituo vya ununuzi wa karafuu kuanzia mwaka 1972, mwaka ule alipouawa Rais Karume, hadi nilipostaafu mwaka 2012 nikiwa na umri wa miaka sitini. Kwa miaka yote hiyo nilikuwa na desturi ya kuweka kijitabu cha mfukoni, kimoja kwa kila mwaka, ambamo niliandika tarehe, jina la mkulima, idadi ya magunia, daraja na kilo. Vitabu vya kituo vilibaki kituoni; hivi vilikuwa vyangu, vya kujihakikishia kabla ya kulala kwamba hesabu ya mchana imekaa sawa. Mwaka juzi paa lilivuja juu ya kabati, nikavitoa vyote kuvianika barazani kama tuanikavyo karafuu zenyewe, na katika kuvianika nikaanza kuvisoma. Nilisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri, nikatambua kwamba katika rundo lote lile hapakuwa na sentensi moja inayonihusu mimi. Siku niliyofunga ndoa, mwaka 1976, pameandikwa: «Kituo hakikufunguliwa.» Siku alipozaliwa mtoto wetu wa kwanza pameandikwa magunia sitini na moja, daraja la kwanza arubaini na manne, la pili kumi na saba. Sikuhuzunika, nilishangaa kwa mshangao wa karani aliyefunga hesabu na kuona kuna mtu mmoja hakuandikwa.

Nilitaka kuvichoma moto. Binti yangu, ambaye ni mwalimu wa skuli, alinizuia, akaniambia: «Baba, vipeleke Chake kwanza. Moto upo tu.»

Huduma inaanza kwa fomu ya kurasa nne, na kwa maoni yangu fomu hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Inauliza tarehe ya kuzaliwa, skuli ulizosoma, vyeo, tuzo, safari za nje, mali zisizohamishika, na idadi ya watoto pamoja na kazi zao. Ukurasa wa tatu una kichwa cha maneno «Mafanikio Makubwa Matatu» na mistari kumi na miwili chini yake, ilhali mke amepewa mstari mmoja wa jina. Ni fomu ya mtu anayeomba kazi, na mimi kazi nimekwisha kuimaliza. Nilijaza kwa uaminifu: cheo, karani wa mizani, baadaye karani mkuu wa kituo, tuzo, barua moja ya shukurani na saa ya ukutani, safari za nje, Hijja mwaka 2014, na Mombasa mara mbili kwa maradhi ya marehemu mke wangu. Ukurasa wa tatu niliuacha mtupu. Nilipoirejesha fomu nilikuwa nimekwisha kuzijutia zile shilingi 90,000 za mwanzo.

Kilichoiokoa huduma ni vikao. Mteja anapewa vikao vitano vya saa moja na nusu, katika chumba kidogo nyuma ya duka, penye meza, viti viwili na maboksi ya karatasi. Simu ya kurekodia huwekwa juu ya kitambaa kilichokunjwa ili meza isitoe mtetemo. Msichana anayefanya kazi hiyo, ambaye jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa, ana umri wa miaka ishirini na kitu, na alinipokea kwa «shikamoo, babu» isiyo ya haraka. Fomu yangu aliisoma, akaikunja, na sikuiona tena mikononi mwake. Maswali yake ni machache mno. Chombo chake kikubwa ni neno «Ehe?», na baada yake «Halafu?», kisha anangoja, na kungoja kwake si kwa mtu anayefikiria swali linalofuata bali kwa mtu ambaye kweli hajui.

Naye kweli hakujua. Ingawa ni Mpemba wa kuzaliwa, kwao ni watu wa pwani, wavuvi, na karafuu kwake ilikuwa ni harufu tu inayopita msimu ukifika. Ikanibidi nieleze kila kitu. Nilimweleza kwamba karafuu huchumwa kabla ya kuchanua, pale kichwa kinapoanza kuiva wekundu, kwani ikichelewa na kufunguka thamani imekwenda. Kwamba mchumaji hupanda mti na kuyavuta matawi ya pembeni kwa kamba, na hulipwa kwa pishi alizochuma. Kwamba usiku wa siku hiyohiyo watu hukaa kuchambua, karafuu huku na makonyo, yaani vijiti vyake, huku, na makonyo nayo hayatupwi bali hupelekwa kwenye kiwanda cha Wawi kukamuliwa mafuta. Nilimweleza jinsi karafuu inavyoanikwa juu ya jamvi kwa siku kadhaa za jua, inavyokunjwa mvua ikitishia na jioni kabla ya umande, na jinsi iliyorundikwa mbichi ikapata joto inavyogeuka kuwa mpeta, nyepesi, iliyosinyaa, ambayo hakuna daraja litakaloipokea.

Halafu akaniuliza: «Na wewe, babu, katika yote hayo ulikuwa wapi?» Nilimjibu kwamba mimi nilikuwa mwisho, kwenye mizani. Nilikuwa nikitia mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kwa sababu juu kila mtu huweka nzuri. Ukikuta ubaridi chini, karafuu haijakauka. Ukiivunja moja kati ya vidole ikalia, imekauka. Ikipinda, mrejeshee mwenyewe akaianike tena. Mkono wangu wa kulia ulinuka karafuu kwa muda wote wa utumishi wangu, na mke wangu akisema kwamba hata akiniamkia gizani anajua ni mkono upi. Nilikuwa sijapata kumwambia mtu yeyote habari hiyo, na nilipoisikia ikitoka kinywani mwangu mbele ya simu ya mtu nilinyamaza kidogo. Msichana naye akanyamaza. Kisha akasema: «Halafu?»

Ipo sehemu ndefu katika kitabu changu kuhusu miaka ya 1980, na ninairidhia. Indonesia, iliyokuwa ikinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zake za kreteki, zinazochanganywa tumbaku na karafuu, ilipanda mikarafuu yake hadi ikajitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Vijana wanaposikia habari hizi huzisikia kama takwimu. Mimi nilikuwa ndiye mtu anayemtajia mkulima bei. Sikuipanga mimi, wala aliyeniajiri hakuipanga Indonesia, lakini mkulima anamwona karani. Na wapo niliosali nao safu moja ambao kwa msimu mzima hawakunipa mkono. Msichana aliyaandika hayo bila ya kuyapamba, kwa maneno yangu, na alipofika mahali niliposita aliacha nafasi ya mstari mmoja. Hiyo ni busara ambayo sijui aliipata kwa nani.

Katika kikao cha tatu ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike tathmini hii. Alikuwa amevichukua vijitabu vyangu kwenda kuvipitia nyumbani kwake, kazi ambayo haimo katika bei, na katika kijitabu cha mwaka 1981, mwezi wa Oktoba, alikuta jina la mama mmoja, magunia matatu, na pembeni yake neno moja kwa wino mwekundu: «Angalia.» Akaniuliza nilitakiwa kuangalia nini. Nilimjibu kwamba sikumbuki. Sikusema kweli. Alinyamaza, simu ikiendelea kurekodi, na mashine ya fotokopi upande wa pili nayo ilikuwa imenyamaza kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, basi hapakuwa na pa kujificha.

Nikamweleza. Gunia tupu lina uzito wake, na uzito huo lazima utolewe ili mnunuzi asilipie gunia badala ya karafuu. Ziko njia mbili: ama unairekebisha mizani ianze kuhesabu baada ya uzito wa gunia, ama unapima vyote kwa pamoja na kutoa uzito wa gunia kwa kalamu kitabuni. Ukifanya yote mawili umemkata mkulima mara mbili. Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kuirekebisha mizani kabla ya kufungua mlango, kisha kwa mazoea nikatoa tena kwa kalamu, na mama yule, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akapoteza kilo tatu. Nilizinduka nikiwa na mkulima wa pili. Mama yule alikuwa amekwisha kulipwa na kuondoka. Kumwita kulihitaji kuisimamisha foleni, kufuta kitabu na kwenda kwa mkubwa wangu kujieleza, nami nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa na nikitarajia kupandishwa cheo. Nikaandika «Angalia», kwa nia ya kumlipa atakaporudi. Hakurudi msimu ule, na msimu uliofuata nikahamishiwa kituo kingine. Kilo tatu katika ghala zima hazionekani, maana karafuu yenyewe hupungua na kuongezeka kwa unyevu. Maonyo ya wanaopunja vipimo niliyajua kwa moyo tangu chuo cha Kurani, kabla sijaujua mlango wa skuli.

Kikao cha nne kilikuwa cha mke wangu, na wazo hilo halikuwa langu. Msichana alisema kwamba mimi nina vijitabu arubaini na marehemu hana hata kimoja, na akapendekeza nimlete mtu aliyemjua tangu utotoni. Nilimleta shemeji yangu, dada yake mdogo, kwa nyongeza ya shilingi 15,000, na hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko yote niliyotoa katika duka lile. Shemeji alizungumza kwa saa mbili bila ya kunywa maji. Alieleza jinsi dada yake alivyokuwa akiwasimamia wanawake wa kuchambua, alivyokuwa akiiona mvua kabla ya mtu yeyote na kukunja majamvi ya jirani asiyekuwepo kabla ya kukunja yake, na namna alivyojifungua mtoto wetu wa tatu jioni ileile aliyokunja. Kisha akasema, kwa namna ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba mwaka mmoja alikuja mama fulani nyumbani kulalamika kuwa magunia yake yamepunguka kwenye mizani, na dada yake akamkalisha, akampa doti ya kanga mpya na mchele, akamwambia kwamba mume wake si mwizi bali amechoka, na akamwomba asiende kituoni. Nilimuuliza ulikuwa mwaka gani. Hakumbuki. Jina la mama huyo halikumbuki, wala idadi ya magunia. Yawezekana ni yule, na yawezekana ni mwingine, maana foleni zetu zilikuwa ndefu na mikono yetu ni ya binadamu. Mke wangu aliishi nami miaka arubaini na mitatu, na jambo hilo hakunitajia.

Baada ya kikao cha tano, ambacho hakikuwa na mengi, nililetewa rasimu. Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Mwenye duka ni mtu wa heshima, mkarimu, na anajua kazi yake ya uchapaji, lakini anaamini kwamba kupitia maandishi ya mtu ni sawa na kumkatia nywele siku ya harusi. Ukurasa wa «Mafanikio Makubwa Matatu», niliouacha mtupu, aliujaza yeye mwenyewe kwamba nilichangia pakubwa katika uchumi wa Taifa. Kisa cha magunia matatu alikifuta chote. Kisa cha shemeji alikifuta pia, akakibakisha cha majamvi. Na mahali pa visa hivyo viwili aliweka sentensi moja ya kwake: «Katika utumishi wake wa miaka arubaini hakuwahi kulaumiwa na mkulima yeyote.»

Niliisoma sentensi hiyo mara kadhaa. Kabla ya kikao cha shemeji ningeweza hata kuitetea, kwa kuwa mtu asiyejulikana kosa lake kweli halaumiwi. Baada ya kikao kile haikuwa na mguu wa kusimamia.

Nilikwenda kumwona. Aliniwekea kiti, akaagiza kahawa, akaniambia: «Mzee wangu, sisi tunawaandikia wajukuu. Mjukuu anapenda kumwona babu yake amesimama vizuri.» Nilimjibu kwamba kwa hilo ingetosha picha. Hakukasirika. Alinieleza kwamba mteja mmoja kabla yangu alisimulia habari za mpaka wa shamba, ndugu zake wakakichukua kitabu hadi kwa sheha, kiongozi wa mtaa, kama ushahidi, na tangu siku hiyo ameweka utaratibu wa kufuta kila lenye aibu au ugomvi. Sababu hiyo naielewa, na naongeza kwamba duka lingefaa kuandika wazi katika ukurasa wa kwanza kuwa kitabu cha maisha si wasia wala hati ya shamba. Lakini mwenye kufuta anapaswa kumuuliza mwenye maisha kwanza. Mimi nimekaa kwenye mizani muda mrefu, na sijapata kuona mkulima akishukuru kwa kuongezewa kilo kitabuni ambazo hazimo guniani. Hujua kwamba siku ya ukaguzi zitatafutwa.

Alikubali kuvirejesha visa vyote viwili bila ya malipo, isipokuwa alishikilia kwamba majina ya watu yasitajwe, nami nikaridhia. Ukurasa wa mafanikio tuliuondoa. Kazi ya kurejesha ilichukua siku tisa kwa sababu alikuwa amefuta bila ya kuweka nakala, na msichana akalazimika kusikiliza rekodi upya na kuandika tena. Yeye hakulalamika, ila alimtazama bosi wake kwa jicho ambalo mimi, kama ningekuwa ndiye bosi, ningelihofia.

Kuhusu lugha, ninalo neno moja. Programu yao ya kompyuta hupigia mstari mwekundu kila neno isilolijua, na mwenye duka huutii mstari huo kama amri. Skuli zangu zote ziligeuka shule, makonyo yakawa vikonyo, na jamvi, jambo lililonichekesha, likawa zulia. Karafuu zianikwazo juu ya zulia sijapata kuziona. Mteja asome rasimu neno kwa neno akiwa na kalamu mkononi, na asione haya kurejesha maneno ya kwao.

Kitabu chenyewe kina kurasa 96, karatasi nyeupe nzito ya kutosha, herufi kubwa zinazosomeka na macho ya rika langu, na jalada gumu la kijani. Kati ya nakala tano, moja iliachia gundi katikati ndani ya wiki mbili, wakaijalidi upya kwa uzi bila ya kunitoza. Ningeshauri zote zishonwe kwa uzi tangu mwanzo. Picha ni udhaifu. Nilipeleka nne, zikapitishwa kwenye skana na kuchapwa juu ya karatasi ya kawaida kwa wino mweusi, na ile ya harusi ya mwaka 1976 imetoka giza kiasi kwamba mke wangu anaonekana ni kanga na macho tu. Ukiongeza shilingi 3,000 kwa kila picha huchapwa kwenye karatasi yake maalumu, lakini hakuna anayekuambia mpaka uulize. Muda nilioahidiwa ulikuwa wiki tatu, na ukawa saba, siku tisa zikiwa za kurejesha vilivyofutwa na nyingi zilizobaki zikiwa za kungojea kifaa cha mashine ya kujalidi kuja kwa boti kutoka Unguja.

Je, ningemshauri mtu aende? Mwenye kutaka kitabu cha kuweka sebuleni karibu na saa ya ukutani, anaweza kuijaza ile fomu vizuri na ataridhika ndani ya mwezi. Mwenye kutaka kujua aliyoyafanya katika umri wake aombe vikao vyake viwe na yule msichana, achukue na mtu mmoja anayemjua kuliko anavyojijua mwenyewe, alipe ile 15,000, na aweke sharti kwa maandishi kwamba hakuna kitakachofutwa bila ya yeye kuulizwa. Na aende asubuhi, kabla mashine ya fotokopi haijaanza kelele za wanafunzi.

Nakala moja nilimpa binti yangu, moja ilikwenda Muscat kwa mwanangu wa kiume, moja kwa shemeji, na moja ninayo. Ya tano nilikwenda nayo Mtambwe, kwao mama wa magunia matatu. Kabla ya hapo nilimuuliza imamu wa msikiti wetu, akaniambia kwamba haki ya mtu haifutwi kwa kuzeeka bali hurejeshwa kwake au kwa warithi wake. Nikafanya hesabu kwa shilingi 14,000, bei iliyokuwa ikilipwa kwa kilo ya daraja la kwanza miaka michache baada ya mimi kustaafu, kilo tatu zikawa 42,000, nikazifanya 50,000. Mama yule alikwisha kufariki zamani. Nilimkuta binti yake, naye ni mtu mzima wa kukaribia umri wangu, akichambua dagaa barazani, na aliniita «Karani» kabla sijajitambulisha. Nilimweleza. Alizipokea pesa, akazifunga kwenye upindo wa kanga, akacheka, akasema: «Karani, mama yangu hakuwa mtu wa kunyamazia kilo.» Nilimuuliza iwapo aliwahi kusikia habari ya doti ya kanga na mchele. Akasema kanga mama yake alikuwa nazo nyingi.

Kisha akaniomba nimsomee ule ukurasa. Nilipomaliza akauliza jina la mama yake liko wapi. Nilimwambia kwamba duka halitaji majina, kwa ajili ya kulinda heshima. Akauliza: «Heshima ya nani?»

Nimerudi Chake mara moja zaidi. Kurekebisha ukurasa uliokwisha kuchapwa ni shilingi 2,000, na nakala ya ziada ni 25,000. Mwenye duka alisita kidogo, kisha akamwambia msichana aandike. Nakala ya sita inajalidiwa kwa uzi na nitaifuata Jumanne; ukurasa wa 41, mstari wa tatu, jina lake kamili pamoja na la baba yake.